Kilichozikwa Nyuma ya Nyumba ya Wanza

Jina langu ni Kavinya, lakini hapa mtaa wa Mowlem, Nairobi, wote wananiita Mama Koki. Nitakueleza jinsi nilivyokata waya wa jirani yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Si jambo la kujivunia. Lakini heri mimi nione haya kuliko mtoto wa mtu afe.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na saba. Mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa imetupita. Udongo ulipasuka nyufa, na vumbi liliingia hata kwenye chai.

Kazi yangu ilikuwa kupika mandazi. Nilikaa mlangoni na karai langu la mafuta juu ya jiko la makaa, na watoto waliotoka shule walikuja kwangu kwanza. "Mama Koki, nipe moja!" "Mama Koki, mimi mbili!" Nilizipenda kelele zile. Zilinifanya nijione mtu wa maana.

Ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa Wanza, Mama Nyamai. Yeye ni wa Machakos, mimi ni wa Kitui. Tuliazimana unga, tuliazimana chumvi, na Jumapili jioni tulisukana nywele. Mume wake, Mwangangi, alikuwa dereva wa lori. Wiki moja kabla ya Krismasi lori lile lilisimama nje na kushusha friji.

Ilikuwa friji nyeupe, ndefu kunishinda mimi. Wapangaji wa ploti nzima walitoka kutazama. Nami nilipiga makofi kama wengine.

Baada ya sikukuu Wanza alianza kuuza barafu. Alitia juisi ya rangi katika vikaratasi vya nailoni, akafunga fundo, akagandisha. Sasa niambie, mtoto anayetembea kwenye jua lile atataka mandazi ya moto? Walinipita. Walinipita hivi hivi nikiwatazama, wakaenda kupanga foleni kwa Wanza. Hata Koki wangu, msichana wa miaka minane, alisimama kando akimeza mate.

Basi wivu ukaniingia. Nilimwonea Wanza wivu, na sitatafuta jina lingine la kuuita. Nikiisikia friji yake ikinguruma nyuma ya ukuta, niliona kama inanicheka. Wanza akisema, "Umeamkaje, Mama Koki?" nilijibu, "Salama." Lakini moyoni nilisema, salama gani, na wewe umenichukulia wateja wangu?

Wivu ukishakaa ndani ya mtu hutafuta sababu. Sababu yangu niliipata nyuma ya nyumba.

Siku ile friji ilipoletwa, haikuwashwa. Kwanza alikuja mwanamke mmoja mrefu, amevaa ovaroli ya buluu, na mfuko wa vyombo begani. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona. Alichimba shimo nyuma ya jikoni kwa Wanza. Akagongomea fimbo ndefu ya shaba ardhini mpaka ikabaki ncha tu. Kisha akamimina mkaa uliosagwa. Kisha chumvi. Mkaa na chumvi! Akafunga waya wa kijani wenye mstari wa manjano kwenye ile fimbo. Waya ukapanda ukutani ukaingia ndani ya nyumba. Halafu akafukia na kuweka tofali juu.

Mambo hayakuishia hapo. Kila Jumamosi asubuhi Wanza alitoka na jagi la maji. Aliinua tofali, akamwaga maji pale chini, akarudisha tofali. Maji yenyewe wakati ule tulikuwa tunayapangia foleni mferejini. Nani humwagilia mahali pasipo na mmea?

Mimi ni Mkamba. Tangu utotoni nimesikia habari za kamuti, dawa inayozikwa ili ivute watu au ifukuze watu. Nikajiambia, ndiyo hii. Wanza amezika dawa ya kuvuta wateja. Ndiyo maana watoto hawanioni tena.

Jioni nilimweleza mume wangu, Muoki. Yeye ni mchonga vinyago. Anachonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Alikuwa ameketi akisugua shingo ya twiga kwa msasa.

"Baba Koki, Wanza ana kamuti."

"Ana friji," akasema.

"Amezika fimbo ya shaba huko nyuma. Na chumvi. Na mkaa."

"Kwani anachoma nyama huko chini?" Akacheka peke yake.

"Wewe cheka tu. Siku moja tutakula hao twiga wako."

"Kavinya, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Pika chakula."

Nikaenda kupika. Na hapa lazima nikueleze jinsi tulivyopika, maana hadithi hii imo pia jikoni kwangu.

Tulikuwa na jiko dogo la umeme, lile la koili. Jiko lile lilikuwa na uchokozi. Ukigusa sufuria, vidole vinawashwa. Ukikoroga kwa kijiko cha chuma, mkono unaruka. Muoki ni mtu wa mbao, kwa hivyo alitafuta dawa ya mbao. Alinichongea mwiko mrefu. Alichonga mshikio wa mbao wa kuepulia sufuria. Tena plagi ya jiko ilikuwa na miguu miwili, na soketi ilikuwa na matundu matatu. Plagi ilikataa kuingia. Muoki akachonga kijiti cha mti wa mhugu, laini, chenye kichwa cha ndege. Ukikitia kijiti katika tundu la juu, matundu ya chini yalifunguka na plagi ikaingia. Wageni walikisifu sana kijiti kile.

"Koki, vaa slipa!" Hivyo ndivyo nilivyomwambia kila alipokaribia jiko. Slipa na mwiko ndizo zilizokuwa kinga yetu.

Jumatatu moja Wanza alienda kwa Shamis, yule mama mwenye duka la jumla, kununua sukari ya barafu zake. Nyamai, mtoto wake, alikuwa shuleni. Nilichukua koleo la Muoki la kukatia waya. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikainua tofali. Nikakata.

Waya ulilia tik, basi. Nilisukuma ncha zake chini ya udongo na kurudisha tofali. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Siku hiyo nilipika mandazi mengi kuliko kawaida.

Saa saba watoto wakatoka shule. Wakanipita. Wakaenda kwa Wanza. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Jua lilizidi na foleni ikazidi. Nikajiambia, kumbe dawa ya huyu mwanamke ni kali hivi, hata ikikatwa inafanya kazi!

Hapo nikamkataza Koki kuingia kwa Wanza.

"Nikikukuta na barafu yake utanijua."

"Lakini Mum, Nyamai ni rafiki yangu."

"Nimesema."

Mtoto alinitazama. Hakujua rafiki yake amekosa nini, na mimi singeweza kumweleza.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, nilikuwa mlangoni nakanda unga. Koki alisema anaenda msalani. Hakwenda msalani. Alizunguka nyuma akaingia kwa Wanza kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amevua slipa, kwa sababu slipa zake zilipiga kelele na mimi ningezisikia. Na Wanza alikuwa ametoka tu kupiga deki.

Nilisikia kilio kimoja kifupi. Papo hapo redio ya Wanza ikanyamaza. Friji nayo ikanyamaza nyuma ya ukuta.

Nilikimbia na unga mikononi. Koki alikuwa ameketi juu ya sakafu iliyolowa, mgongo ukutani, macho wazi. Mkono wake wa kulia ulitetemeka. Wanza alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Koki! Sema kitu! Koki!"

"Mum," akasema. "Friji imenipiga." Kisha akaanza kulia kwa sauti kubwa, na mimi sijawahi kufurahia kilio namna ile.

"Alishika tu mkono wa friji," Wanza akasema. "Nimemwona. Akaruka, na stima ikapotea nyumba nzima."

Nyamai alivuta kiti chini ya boksi la swichi ili aiwashe tena.

"Wacha!" Wanza alimpigia kelele. "Fundi Perez alisema nini? Ikianguka yenyewe, hakuna kuinua mpaka ijulikane ni kwa nini. Na mtu asiguse hiyo friji!"

Tulimpeleka Koki kwenye zahanati. Mhudumu alisikiliza moyo wake, akatazama mkono wake, akatuambia tukae kidogo ili amwangalie.

"Mmefanya vizuri kumleta," akasema. "Mtu akipigwa na stima lazima aonwe, hata kama anatembea. Moyo unaweza kusumbua baadaye."

Wanza alikaa nami muda wote, ameshika mguu wa Koki. Wateja wake walikuwa wanamngoja mlangoni, naye alikuwa hapa ameshika mguu wa mtoto wangu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Tuliporudi, yule mwanamke mrefu wa ovaroli ya buluu alikuwa ameshafika. Nyamai alikuwa amempigia simu kutoka kibanda cha barabarani. Huyo ndiye Fundi Perez. Anakaa mtaa wa Donholm, amesomea umeme, na yeye na Wanza wanasali kanisa moja.

Perez alichomoa plagi, akaivuta friji mbele, akamulika nyuma yake kwa tochi.

"Panya," akasema. "Ona hapa. Amekula waya. Hii ya rangi ya kahawia ndiyo inaleta moto, stima yenyewe. Imegusa chuma, na friji yote ikashika stima."

"Na mtoto akaigusa," Wanza akasema polepole.

Perez akatuonyesha boksi la swichi juu ya mlango. Swichi moja ilikuwa pana kuliko nyingine, na ilikuwa na kitufe kidogo pembeni.

"Hii ndiyo imemwokoa," akasema. "Mama Koki, mwalimu wa Sande skuli akitoa watoto thelathini nje wacheze, wakirudi anafanya nini?"

"Anawahesabu."

"Akipata ishirini na tisa?"

"Anapiga kelele."

"Basi. Stima inaingia na waya moja na kurudi na ingine. Hii swichi inahesabu. Inayoingia na inayorudi lazima zilingane. Zisipolingana, kuna ingine imepotea njiani. Imevuja. Labda imepitia kwa mtu ikaenda chini. Swichi haiulizi maswali. Inakata nyumba nzima kabla hujapepesa jicho."

"Kwa hivyo Koki..."

"Stima ilianza kupita ndani yake. Swichi ikaona. Ikakata. Ndiyo maana yeye ndiye analia. La sivyo nyinyi ndio mngekuwa mnalia."

Nilimkaza Koki mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa.

Lakini Perez alikunja uso. Alitazama friji, akatazama swichi.

"Kuna kitu hakinipendezi. Kwa nini swichi ilingoja mtoto aguse?"

"Kwani ingefanya nini?" Wanza akauliza.

"Nilikuwekea waya ya ardhi, ile ya kijani. Imeshika chuma cha friji, inapita kwa plagi, inateremka mpaka kwa fimbo huko nje. Panya akikula waya, stima inakimbilia hiyo njia na kuingia mchangani. Swichi inaona inapotea. Inakata wakati ule ule. Wewe ungekuta friji imezima tu. Hakuna mtu angeguswa."

Akatoka nyuma ya nyumba. Tukamfuata. Nilitafuta neno lolote la kumrudisha ndani. Sikulipata.

Perez aliinua tofali. Akachokora udongo kwa bisibisi. Waya ukaja mkononi mwake, mfupi.

"Panya tena?" Wanza akauliza.

"Panya anatafuna. Hapa ni safi. Hii ni koleo." Perez akasimama wima. "Kuna mtu amekata hii waya."

Wanza alinigeukia. Hakunishuku hata kidogo. Alinigeukia kama mtu anavyomgeukia rafiki yake. "Mama Koki, nani anaweza kutufanyia hivi? Tumemkosea nani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni wezi wa vyuma kuukuu, wale wanaouza shaba kwa kilo, na kila mtu angeniamini. Koki alikuwa amelaza kichwa begani mwangu. Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Mimi ndiye nilikata. Nilidhani umezika kamuti. Niliona mkaa, nikaona chumvi. Nikaona unamwagia maji. Watoto wote wanakuja kwako. Nilikuonea wivu, Mama Nyamai. Nilikuonea wivu mpaka chakula kikanishinda."

Wanza alikaa chini juu ya tofali. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Nyamai anafungua hiyo friji mara ishirini kwa siku," akasema mwishowe. "Mara ishirini, Kavinya."

Hakuniita Mama Koki. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Perez alibaki ameshika ule waya. "Chumvi na mkaa niliweka mimi," akasema. "Maji pia nilimwambia mimi. Udongo mkavu haupitishi stima vizuri. Udongo wenye unyevu unapitisha. Mkaa na chumvi vinashika unyevu, na wakati wa kiangazi lazima mtu aongeze maji. Kamuti yote ni hiyo."

Wazee husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia mtoto wangu.

"Na kwako stima iko namna gani?" Perez akaniuliza.

Nilimpeleka kwetu aone mwenyewe. Muoki alikuwa amerudi mbio, vumbi la mbao bado nyweleni. Alimchukua Koki, akamkagua vidole kimoja kimoja. Perez alisimama mbele ya soketi yetu. Akakiona kijiti cha ndege.

"Nani amechonga hii?"

"Mimi," Muoki akasema, na hata katika shida ile nilisikia kiburi kidogo.

"Kazi nzuri. Itoe."

Muoki akakitoa.

"Hilo tundu la juu si pambo," Perez akasema. "Ndilo la ardhi. Plagi ya jiko kama hili inatakiwa iwe na miguu mitatu. Ule mrefu wa juu ndio unapeleka stima iliyovuja mchangani. Wewe umeweka ndege."

"Lakini mbao haipitishi stima," Muoki akajitetea.

"Mbao kavu haipitishi. Mwiko ukilowa supu je? Slipa zikilowa je?"

"Tuna fyuzi."

"Fyuzi inalinda waya isiungue. Inangoja stima nyingi sana. Ile ya kuua mtoto ni kidogo mno, fyuzi haiwezi hata kuiona."

Perez aliwasha koili, akagusa ubavu wa jiko kwa testa yake. Taa ndogo ndani ya testa ikawaka nyekundu. Akazima, akachomoa plagi. Akafungua boksi letu: hakuna swichi ya kuhesabu. Akatoka nyuma: hakuna fimbo, hakuna waya wa kijani. Aliporudi alimtazama Koki.

"Huyu mtoto ana bahati," akasema. "Amepigwa upande ule wa ukuta."

Miezi miwili nilikuwa nimeichukia nyumba ya Wanza. Nilimkataza mwanangu asiingie humo. Na kumbe ndiyo nyumba iliyomrudisha hai. Angekuja pekupeku hivyo kwenye jiko langu mimi, sakafu ikiwa imelowa, nisingekuwa hapa nikikueleza haya.

Muoki alitupa kijiti cha ndege ndani ya jiko langu la makaa. Kiliwaka vizuri, mhugu ni kuni nzuri. Tangu siku hiyo hatukuigusa koili mpaka fundi alipomaliza kazi yake.

Siku ya pili nilipeleka mandazi kwa Wanza, sahani imejaa, imefunikwa kitambaa. Aliipokea mlangoni. Akaingia nayo ndani. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na inayorudishwa tupu ni matusi. Basi nikangoja. Siku moja, siku mbili. Kila nilipomsikia Wanza akiosha vyombo, nilisikiliza. Siku ya nne Nyamai alikuja na sahani yangu. Juu yake kulikuwa na barafu mbili, moja nyekundu, moja ya machungwa.

"Mum anasema moja ni ya Koki," Nyamai akasema. "Na ingine ni yako, upoze moyo."

Nilicheka nikilia. Barafu ile niliila yote, na ilikuwa tamu, nipende nisipende.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mgumu. Alisema nyumba imekaa miaka kumi na hakuna aliyekufa. Muoki alimwendea mara tatu. Mara ya nne Wanza akajitolea kuja nasi. Alisimama mbele yake akasema, "Mzee, unangoja wa kwanza?" Mwenye nyumba akakohoa. Akakubali kununua fimbo ya shaba na waya. Swichi Muoki alisema atainunua mwenyewe, na twiga wawili wakubwa wakaenda sokoni kwa ajili hiyo.

Perez alikuja na vyombo vyake. Safari hii nilishika jembe, nikachimba mimi. Mkaa nilisaga mimi. Chumvi nilimimina mimi. Alifunga waya wa kijani kutoka kwenye fimbo mpaka kwenye boksi, na kutoka kwenye boksi mpaka kila soketi. Jiko alilifungulia tumbo, akabadilisha waya wake uliochakaa, akaweka mpya wenye nyuzi tatu na plagi ya miguu mitatu. Akaweka swichi ya kukata uvujaji. Waya niliokata kwa Wanza alikuwa ameshauunga siku ile ile ya ajali, na ule wa friji akaubadilisha.

"Kwani haitoshi moja?" Muoki akamuuliza. "Ama waya, ama swichi?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Perez akasema. "Waya ya ardhi inaita swichi mapema, kabla ya mtu kugusa. Waya ikikatika, swichi ndiyo inabaki kumlinda mtu. Nyinyi mmeona kwa macho yenu." Hakunitazama aliposema hivyo, na nilimshukuru.

Kisha akamwita Koki. "Unaona hiki kitufe? Kila mwanzo wa mwezi mama yako akikuambia, panda kiti ubonyeze. Swichi ikianguka, iko hai, muiinue tena. Isipoanguka, imekufa. Niiteni. Na ukiona mtu ameshikwa na stima usimguse. Zima kwanza."

"Zima kwanza," Koki akasema.

Akabonyeza. Tak! Nyumba ikazima. Koki akaruka, kisha akacheka.

Jioni hiyo niliweka sufuria ya maharagwe kwenye koili. Nikasimama. Nikaisogelea kwa kidole kimoja, nikaigusa. Hakuna kitu. Sufuria ilikuwa sufuria tu. Muoki, akiwa ameegemea mlango, alisema, "Sasa mwiko wangu hauna kazi." Lakini alifurahi. Baadaye alichonga vibao viwili vidogo, akavipigilia ukutani juu ya fimbo zetu, kwangu kimoja na kwa Wanza kimoja. Vimeandikwa: WAYA WA ARDHI. USIKATE. Kile cha kwa Wanza alikiandika kwa herufi kubwa zaidi, na mimi mke wake nikajua ni kwa nini.

Karai langu sasa linakaa mlangoni kwa Wanza. Watoto hununua mandazi kwanza, kisha barafu. Usidhani wivu umeniisha. Majuzi Wanza amenunua makochi mapya, nikanuna siku nzima. Lakini koleo nililirudisha kwa mwenyewe.

Mwezi wa tisa vumbi lilipoanza tena, nilichukua jagi la maji Jumamosi asubuhi. Wanza alikuwa amesafiri kwao, kwa hivyo nilimwagilia kwangu, kisha nikaenda kumwagilia kwake. Nilipoinama niliona pazia likisogea nyumba ya tatu. Huko alikuwa amehamia mpangaji mpya, Waruguru, anayeuza chapati. Alinitazama mimi, akatazama jagi, akatazama udongo uliolowa. Macho yake yalikuwa membamba.

Niliyajua macho yale.

"Dada Waruguru!" nikamwita. "Usisimame dirishani. Njoo nikuonyeshe tulichozika hapa."